Hatugawi Dawa kwa Makovu

Mwezi wa kwanza nilipoandikiwa vidonge vyangu mwenyewe vya presha, binti wa dirisha la dawa pale Mbulu mjini alikishika kifuko mkononi na hakunipa.

"Shikamoo mzee. Jina lako kamili?"

"Marahaba. Si umeliandika hapo?"

"Nimeliandika, lakini nataka ulitaje mwenyewe."

Nyuma yangu mtu aliguna. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Mzee, taja tu, wengine tumetoka mbali." Nikalitaja. Akaniuliza vidonge vinatibu nini na nitavimeza vipi, nikajibu kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani. Ndipo akanipa. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, na kwa muda sikuweza kuinuka. Mzee mwenzangu aliyekuwa jirani aliniuliza kama ni presha imepanda. Nikamwambia ni uchovu.

Haikuwa uchovu. Mimi nilikaa upande wa pili wa dirisha kama lile kwa miaka mingi, na swali lile la binti ndilo nililodharau kumuuliza mtu sawasawa siku moja. Wanangu wanajua nusu ya habari hii. Sasa naiandika yote.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakunipeleka mbali. Niliajiriwa katika hospitali moja upande wa Hanang, ambayo sitaitaja. Nilianza kwa kufagia, nikapewa kazi ya kuhesabu vidonge, nikafundishwa kozi fupi, mwisho nikakabidhiwa dirisha. Sikuwa mfamasia. Lakini watu sokoni Katesh waliniita daktari, nami sikumsahihisha hata mmoja.

Miaka michache kabla ya kustaafu kwangu tuliletewa mfamasia mpya, mwanamke kijana, umri wa binti yangu wa mwisho. Alikuja na mambo mawili. La kwanza, mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Tusimsomee sisi halafu tumuulize kama ndiye, maana mtu mgonjwa au mwenye haraka ataitikia chochote. La pili, alileta daftari kubwa lenye jalada la kijani, akalitundika kwa kamba ukutani. Akasema kila anayekosea aandike humo: nini kimetokea, amefanya nini baada ya hapo. Hakuna atakayeadhibiwa kwa alichoandika. Lengo ni kosa lisirudiwe.

"Yaani mtu mzima aandike makosa yake kama mtoto wa darasa la pili?" nilimuuliza mbele ya wenzangu.

"Mzee wangu, mtu mzima ndiye hasa anayetakiwa kuandika," alijibu, wala hakukasirika.

Wenzangu waliandika, kidogo kidogo. Mimi sikuandika hata mstari. Nilijivunia kwamba ukurasa wangu ulikuwa mtupu.

Nilikuwa na mtindo wangu wa kazi. Siku ya kliniki ya presha na sukari, vyeti vya daktari vilipokuja kwa wingi, sikuhudumia mtu mmoja mmoja. Nilitayarisha dawa za watu saba au wanane kwa pamoja, nikapanga vifuko mezani, kila kifuko juu ya cheti chake. Kisha nikaita majina. Foleni ilikwenda haraka na watu walinisifu. Kwenye kifuko kulikuwa na mstari wa kuandika jina la mgonjwa na jina la dawa. Sikuwa nikiujaza. Niliandika tu namna ya kumeza, kwa sababu niliona wengi hawasomi, na cheti kilibaki kwetu.

Hapa lazima nieleze jambo moja ambalo mtu wa mbali hatalielewa. Kwa Wabarbaig, mwanamke akishaolewa hataji jina la baba mkwe wake. Hataji hata neno linalofanana nalo; hulizunguka kwa neno jingine. Ni heshima, na hawaichezei. Mimi ni mtu wa Endagikot, upande wa Mbulu, lakini nimekaa na watu hawa tangu ujana, nimekula kwao na nimenunua ng'ombe kwao. Hakuna aliyehitaji kunifundisha mila hiyo. Wenzangu wakimwona mama wa Kibarbaig anasitasita dirishani, walimtafuta jirani yake kwenye foleni alitaje jina badala yake. Ni kazi ya dakika mbili. Mimi niliiona kuwa ni kupoteza muda.

Ilikuwa Alhamisi ya kiangazi. Nilikuwa nimepanga vifuko vyangu, nikaita jina la mzee mmoja wa Kibarbaig wa huko chini ya Mogitu, aliyekuwa akitumia dawa ya presha. Hakuna aliyeitika. Nikaita tena. Mwishoni mwa benchi mwanamke kijana alijifunika mdomo kwa ncha ya nguo yake na kuinamisha kichwa. Nilimwona. Nasema tena, nilimwona, na nilijua maana yake. Nikakisukuma kifuko cha mzee pembeni, nikaendelea kuita wengine. Muda si mrefu nikaweka daftari la kazi juu yake.

Mwishoni nilibakiwa na kifuko kimoja mbele yangu. Hicho kilikuwa cha mwanamume wa sukari, ambaye alikuwa ametoka kwenda kunywa chai getini. Nikamwita, hayupo. Kwenye benchi la dawa kulikuwa na yule mwanamke peke yake.

"Mama, wewe unangoja nini?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Dawa ya nani?"

"Ya mzee wa kwetu."

"Wazee wote wana kwao. Jina?"

"Mzee mwenye kovu hapa." Aligusa shavu lake la kushoto. "Mguu unamuuma, hakuja."

"Mama, hapa hatugawi dawa kwa makovu."

Watu waliokuwa wakingoja maabara walicheka. Mmoja akadakia, "Mpe ya kovu kubwa, atapona haraka!" Wakacheka tena. Nami nilicheka, kwa sababu mzaha ulikuwa wangu na ulikuwa umependwa. Huku nacheka nikachukua kifuko kilichokuwa mbele yangu, kilichobaki peke yake mezani, nikampa bila kusoma cheti.

"Haya. Moja asubuhi, moja jioni."

Alikipokea kwa mikono miwili. Aliamini nimemwelewa.

Hazikupita dakika kumi, mtu wa sukari akarudi akijifuta mdomo. "Babu, mmeniita?" Nikatafuta kifuko chake. Nikainua daftari, nikaona kifuko cha presha cha mzee kimelala chini yake na cheti chake.

Kutoka dirishani niliweza kuliona geti. Yule mwanamke alikuwa bado hajafika barabarani. Alikuwa amesimama akifunga kifuko kwenye pindo la nguo. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumtuma mlinzi. Hata baada ya nusu saa ningeweza kumtuma mtu wa bodaboda, maana njia ya kwao ni moja. Nimejiuliza mara nyingi kilichonizuia ni nini, na jibu ni dogo kiasi cha kuniaibisha. Watu wa foleni ya maabara walikuwa bado wapo. Walikuwa wamecheka pamoja nami. Kama ningemwita yule mwanamke arudi, wangejua kwamba mwenye akili pale alikuwa yeye. Halafu kulikuwa na lile daftari la kijani ukutani.

Nikamhesabia mtu wa sukari vidonge vingine, nikampa. Vidonge vya mzee nikavirudisha kwenye kopo. Vyeti vyote viwili nikaviwekea alama kuwa dawa imetolewa. Nikajiambia kwamba mzee ni mtumiaji wa zamani, ataviona ni tofauti, atarudi. Lakini vyote vilikuwa vidogo na vyeupe.

Jumatatu walimleta nyuma ya pikapu, amefunikwa blanketi, jasho linamtoka na hatambui mtu. Dawa ya kushusha sukari ilikuwa imeishusha sukari ya mtu asiye na ugonjwa huo, mzee, katika miezi ambayo hata maziwa ni machache. Daktari alipopima damu alishtuka, akaagiza dripu ya sukari haraka. Mzee alifumbua macho mchana ule. Lakini hakurudi kama alivyokuwa. Ulimi wake ulibaki mzito, mkono wa kulia ukawa unatetemeka, na baadhi ya wajukuu wake hakuwakumbuka tena.

Daktari aliomba aone dawa alizokuwa anameza. Yule mwanamke alifungua pindo akatoa kifuko. Daktari akavitambua vidonge, akamwita mfamasia, na mfamasia akanifuata mimi stoo, nikiwa katikati ya maboksi.

"Mzee wangu, kumbuka vizuri. Alhamisi ulimpa nini?"

"Nilitoa kama ilivyoandikwa. Cheti kipo, angalia."

"Nimekiangalia. Sasa hivi vimetoka wapi?"

"Waulize wao. Pale kwenye benchi watu hushikiana mizigo. Labda walibadilishana. Labda amenunua kwenye duka la dawa. Nitajuaje mimi?"

Alikigeuza kifuko. Mstari wa jina ulikuwa mtupu, kama nilivyozoea kuuacha.

"Ukikumbuka chochote," alisema, "daftari lipo."

Nilipotoka stoo nilimkuta mtoto mkubwa wa mzee amesimama mlangoni mwa wodi. Mwanamume mrefu, mwenye fimbo, amevaa shuka jeusi. Mke wa mdogo wake, yaani yule mwanamke, alikuwa amekaa chini kando ya ukuta na kibuyu cha maziwa mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa akimkamulia mzee kila siku na kumwekea kibuyu mlangoni pake. Alikibeba hata kwenye pikapu, kwa tumaini kwamba mzee akizinduka atataka kunywa.

"Shikamoo mzee," aliniambia yule mwanamume. "Wewe ndiye uliyempa huyu dawa?"

"Mimi."

"Ulimpa dawa ya presha?"

Ningeweza kusema hapo. Alikuwa ameniuliza kwa heshima. Mwanamke aliinua uso akanitazama, akingoja.

"Nilimpa ya presha," nilisema.

Hakumpigia kelele shemeji yake. Aliinama tu, akakitoa kibuyu mapajani mwake, akakiingiza wodini mwenyewe. Mwanamke alibaki na mikono yake ikiwa katika umbo lile lile la kushika, kama kibuyu bado kimo.

Tangu siku hiyo yule mwanamume alikuwa akija mwenyewe kuchukua dawa za baba yake. Jina alilitaja kwa sauti, maana yeye ni mtoto, hakatazwi. Mwezi wa pili nilimuuliza mzee anaendeleaje. Mwezi wa tatu nikamuuliza pia kuhusu yule mama.

"Yupo na watoto wake," alijibu. "Kwa mzee hapeleki kitu. Si maziwa, si maji. Wanawake wengine nao hawataki kula alichopika."

"Kwani mnadhani alikusudia?"

"Hatujui. Anasema alimpa mzee alichopewa, na alichopewa ni cha hospitali. Na wewe wa hospitali umesema hapana. Sasa tumwamini nani, mzee?"

Nikamhesabia vidonge vyake. Nikaandika jina kwenye kifuko, kwa herufi kubwa, na jina la dawa pia. Kwa vifuko nilikuwa nimeshatubu. Kwa yule mwanamke bado.

Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa karibu miezi ishirini. Kila mwezi nilimuuliza, kila mwezi alinijibu. Nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niende kwanza kwa yule niliyemkosea, ndipo nirudi kwake. Sikurudi. Nilianza kusali misa ya pili, iliyokuwa ya padri mwingine. Mfamasia naye akahamishwa. Siku ya kuaga alinishika mkono, akasema, "Mzee wangu, asante kwa kunipokea." Nilikuwa sijampokea hata siku moja, na sote wawili tulilijua hilo. Baadaye nami nikastaafu, wakaniandalia soda na keki, na aliyezungumza alisema kwamba katika miaka yote sikuwahi kuandikwa kwa kosa lolote. Watu walipiga makofi. Nilikwenda nyumbani Endagikot kulima ngano na vitunguu saumu, nikafikiri umbali utanisaidia.

Ndipo nikapata presha mimi mwenyewe, na binti wa Mbulu akakataa kunipa dawa mpaka nitaje jina.

Wiki ile ile nilipanda basi hadi Babati, nikapanda jingine la kuelekea Katesh. Kwanza nilipita hospitalini. Mfamasia aliyepo sasa ni kijana wa kiume. Hakuwa na habari za daftari la kijani. Tulilitafuta, likapatikana kabatini chini ya mifuko ya dripu, kamba yake bado ipo. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, nikaweka jina langu. Alisoma akiwa amesimama.

"Mzee, hii itabidi niipeleke kwa wakubwa."

"Ipeleke. Ndiyo maana nimeandika jina."

Kisha nikaenda Mogitu, nikashuka, nikatembea kwa miguu kuteremka bondeni. Niliuliza njia mara mbili. Mlima Hanang ulikuwa nyuma yangu, na mbele kulikuwa na vumbi la mifugo tu. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mzee. Ningemwomba amwite mkwe wake, ningesema mbele yake, na yeye angemrudishia kibuyu. Nililiona jambo hilo waziwazi kabisa, na lilinipa nguvu ya kutembea.

Mtoto mkubwa alinitambua nikiwa bado mbali. Alinipa kigoda.

"Umekuja kumwona mzee?"

"Nimekuja kumwona."

"Mzee tulimzika masika."

Nilikaa. Sikumbuki kama nilitoa pole. Nilimuuliza, na nilijua jibu kabla ya kuuliza, mwishoni mzee alikuwa akiletewa maziwa na nani. Akasema, na watu mbalimbali. Mzee alikuwa akiulizia kibuyu cha yule mkwe wake, lakini kwa kuwa alisahau mambo mengi hawakumjali.

Nikasema yote. Nilisema kwa Kiswahili, polepole, na mdogo wa yule mtoto mkubwa akawatafsiria wanawake waliokuwa wamekaa kivulini mwa nyumba. Nilisema kuhusu kifuko chini ya daftari. Nilisema nilimwona yule mwanamke getini akifunga pindo, na sikumwita. Nilisema kuhusu jibu nililotoa mlangoni mwa wodi. Nilipofika kwenye kovu, kaka mtu aliinua mkono ninyamaze, akamwita shemeji yake.

Alikuja akasimama mbali kidogo. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Hakunitazama.

"Ulimwambia habari za kovu?" kaka mtu alimuuliza, kwa Kiswahili, ili nisikie.

"Nilimwambia. Mzee mwenye kovu. Akacheka."

"Akacheka?"

"Wakacheka wote."

Mdogo mtu, ambaye ndiye mume wa yule mwanamke, alisimama ghafla na fimbo yake. Sikujikinga. Sisemi hivi kujisifu. Sikuwa na pa kukimbilia. Kaka mtu alimshika bega akamkalisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Miezi yote ile nilikuwa nachukua dawa mkononi mwako. Ulikuwa ukiniuliza mzee anaendeleaje."

"Nilikuwa nauliza."

"Nami nilikuwa nakujibu."

"Ulikuwa unanijibu."

Nilimwambia yule mwanamke kwamba naomba msamaha. Nilitumia neno hilo hilo la kawaida, kwa sababu sikuwa na jingine. Akamwangalia mumewe, akaangalia chini.

"Umechelewa," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba basi limeshaondoka.

Ndipo kaka mtu akamwambia, "Mletee mgeni maziwa."

Mwanzoni nilidhani ni ukarimu, nikataka kukataa, nikasema sina njaa. Kisha nikaona jinsi kila mtu alivyotulia, hata wazee wawili waliokuwa wamefika wakati nazungumza, nikaelewa kwamba sikuwa nikikaribishwa. Yule mwanamke alikwenda akakaa muda. Akarudi na kibuyu, akanipa kwa mikono miwili, kama alivyokipokea kile kifuko changu.

Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi wa mti wanaosafishia vibuyu. Nilikunywa, nikatua kidogo nivute pumzi.

"Maliza," alisema kaka mtu.

Nikamaliza, watu wote wakitazama koo langu. Nilikuwa nakunywa kilichokuwa cha mzee, mbele ya watu wake, ili ionekane kwamba mkono uliokileta haukuwa na sumu. Nilikirudisha kibuyu. Yule mwanamke alikipokea, akakiinamisha taratibu mbele ya wote kuona kama nimebakiza kitu. Hakikutoa hata tone. Akakiweka kwapani, akaenda nacho ndani.